Hatua Kumi Kutoka Ukutani kwa Mama Mkwe

Vijana wa kikosi cha moto, nawasalimu. Juzi mlipokuja kunionyesha lile tangi lenu jipya, lenye mpira mrefu kuliko njia ya kuingia kwangu, mmoja wenu alisema, "Mzee Mukhwana, tuandikie siri za kazi." Nimekaa na kalamu siku nne nikizitafuta. Siri sina. Nina makosa, na mengine yameiva vizuri, kwa hiyo nitawapa hayo. Nilizima miwa inayoungua kwa miaka ishirini na minne, na nimestaafu nikiwa na unyusi mmoja na nusu. Mkisikia watu wananiita bingwa, nitazameni usoni kwanza.

Ninyi mmezaliwa mkakuta miwa imechoka na watu wamechoka nayo, kwa hiyo hamwezi kuujua wazimu wa miaka ile. Huku kwetu Kabras mtu hakuulizwa habari za watoto, aliulizwa ana eka ngapi. Tuling'oa migomba. Tuling'oa mihogo. Shamba la mboga la mama yangu mzazi, lililolisha watoto tisa, lililimwa na trekta kwa muda wa kunywa chai, na mama akapiga vigelegele. Jirani yangu alipanda miwa mpaka juu ya njia ya chooni, wageni wake wakawa wanapewa mtu wa kuwasindikiza. Unga tulinunua kutoka Chekalini, kwa watu waliobaki na mahindi yao. Walitupimia huku wakituita matajiri, nasi tukafurahi, hatukujua tunachekwa. Tulikuwa na sukari kila upande na hatuna obusuma, ugali wetu.

Katika utajiri huo ndipo nilipopata kazi. Kikosi chetu kilikuwa na watu sita, trekta moja, tangi la kukokotwa lililovuja upande wa kushoto, na rundo la magunia ya katani. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Namasaka, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyezungumza na moto kama mtu anavyozungumza na ng'ombe aliyeingia shamba la mwenzake. Hakuupigia kelele. Aliuambia, "Rudi. Rudi nimesema," na mara nyingine ulirudi.

Siku yangu ya kwanza nilitaka aone kuwa ameajiri mwanamume. Nikavunja tawi bichi, nikauvamia moto kwa fimbo, napiga kulia, napiga kushoto, jasho linanitoka. Namasaka akaja akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Unafanya nini, kijana?"

"Nazima moto, Mzee."

"Hapana. Wewe unapanda. Angalia nyuma."

Nikageuka. Cheche nilizokuwa nazirusha kwa kila pigo zilikuwa zimeangukia majani makavu nyuma yangu, na sasa kulikuwa na mioto mitatu midogo, kila mmoja unakua na afya njema.

"Moto haipigwangi," akasema. "Moto inafunikwanga. Lowesha gunia, laza chini, kanyaga, vuta. Kama unamfunika mtoto blanketi."

Hiyo ndiyo kazi yote, vijana, na mpira wenu mrefu haujaibadilisha. Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Usilipe mgongo shamba ambalo halijaungua. Ukizidiwa, usikimbilie kwenye majani mabichi ukidhani ni salama, kimbilia pale palipokwisha kuwa peusi, kwa sababu moto haurudii chakula. Ukitaka kujua upepo, usilambe kidole kama watalii. Tazama moshi wa majiko ng'ambo ya bonde, utakuonyesha upepo uliopo na ule unaokuja. Na sikiliza. Miwa ikiungua hulia kama bisi kwenye sufuria, na mlio ukiwa wa haraka, ujue una dakika chache kuliko unavyofikiri.

Lakini sehemu ngumu ya kazi haikuwa moto. Ilikuwa watu wanaouleta. Mnajua wenyewe kwamba miwa iliyoungua huanza kuchacha, na isipofika kiwandani kwa siku chache inakuwa kuni tu. Kwa hiyo kampuni yetu ya sukari iliweka utaratibu wa busara: iliyoungua ikatwe kwanza. Watu waliouandika utaratibu huo walikuwa wamesoma sana. Hawakufikiri kwamba mkulima ambaye miwa yake imekomaa, ikapita, ikaanza kulala chini, huku akiahidiwa wakataji kila Jumatatu, naye ana akili. Kiberiti kikawa kinafanya kazi kuliko barua kumi. Kampuni ilipogundua ikaongeza utaratibu mwingine: atakayejulikana amechoma kwa makusudi, anafutwa kwenye orodha ya wakulima, hapandi tena miwa ya kampuni. Baada ya hapo mioto yote ikawa ya bahati mbaya, ya mtu aliyekuwa anafukuza nyuki kwa moshi. Kulikuwa na warina asali wengi mno kwa idadi ya nyuki tuliokuwa nao.

Mwanamume mmoja alitujia akihema, ametoka mbio kutoka upande wa Butali, anatuambia shamba lake linaungua. Tukatoka nje sote kutazama. Mbingu safi, hakuna moshi. Namasaka akamwuliza kwa upole, "Umeona moto, au umeiacha nyumbani ikikungoja?" Yule bwana akakaa chini, akaomba maji. Tulimpa maji, akarudi kwake, na moto haukutokea. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya Namasaka, na haikuandikwa popote.

Sasa niwafikishe kwenye kiangazi kile kibaya. Mvua ya mwisho ilinyesha kabla ya Krismasi, halafu ikatusahau. Vijito vikabaki mawe. Majani ya miwa yakakauka mpaka upepo mdogo ukipita unasikia kama mtu anakunja magazeti. Kila kiangazi kabla ya joto kupanda, mimi nilipewa daftari nizunguke nyumba hadi nyumba kukagua njia ya moto. Sheria ilikuwa rahisi: kutoka ukuta wa nyumba hadi mche wa kwanza wa muwa, hatua kumi za mtu mzima, pamefyekwa, pamefagiliwa. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa bado za nyasi, na nyumba ya nyasi katikati ya miwa mikavu ni kiberiti ndani ya pipa la mafuta ya taa.

Nilikuwa mkali. Nilimfanya mchungaji wa kanisa letu ang'oe mistari minne mbele ya macho ya wazee wa kanisa. Baba mmoja alinisihi kwamba hatua zangu ni ndefu, nikamruhusu apime kwa za kwake, halafu nikapima tena kwa zangu. Nyumba zote nilizikagua kwa miguu. Zote, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mama Rispa, aliyemzaa Rispa mke wangu. Ninyi mliooa mjini mnakula meza moja na mama mkwe, mnataniana, mnamwonyesha picha kwenye simu. Sisi hatukuwa hivyo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite, na kwa kawaida anayeingia ni mwenye miguu michanga. Kuzungukazunguka uani kwake huthubutu, na kuliko chumba anacholala, ni afadhali uingie tundu la nyoka. Hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mimi nilijivunia kuwa na heshima nyingi kuliko wakwe wote wa eneo lile. Mama Rispa naye alikuwa mjane mwenye msimamo, mwimbaji wa kwanza kanisani, na alinisifu kwa watu kwamba tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniona zaidi ya kisigino.

Kwa hiyo kila kiangazi nilifika barabarani, nikasimama kofia mkononi, nikatazama kutoka pale. Nilichokiona ni miwa, na juu ya miwa kilele cha paa la nyasi. Mtu wa kazi yangu angejiuliza, kama kuna hatua kumi za uwazi, mbona paa limezama hivyo? Mimi nilijiuliza kama kuna mtu ananiona nikitazama nyumba ya mama mkwe muda mrefu. Nikaandika kwenye daftari, "Sawa," nikapita. Miaka mitatu mfululizo, sawa, sawa, sawa. Mganga hajigangi, na mkaguzi hamkagui mama mkwe.

Miwa ya Mama Rispa ilikuwa imevuka miezi thelathini. Ilikuwa imelala, imeinuka, imelala tena. Wakataji waliahidiwa kabla ya Krismasi, wakaahidiwa baada ya Krismasi. Jioni moja Rispa akarudi kutoka kwa mama yake, akanipakulia, akakaa.

"Mama anakuuliza neno," akasema. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyozungumza nami, kupitia kwa binti.

"Aulize."

"Mtu akitaka kuchoma takataka za shamba, na asiharibu nyumba, anaanzanga wapi?"

Takataka za shamba. Nataka kuwaambia kwamba sikuelewa. Nilielewa kabla hajamaliza. Nilikuwa nimesikia swali lile kwa midomo mingi, na siku zote nilijibu kwa kukunja uso na kutaja sheria. Lakini hii ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yangu mama mkwe kuniuliza jambo la utaalamu wangu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikanawa mikono, nikaweka kikombe mezani kiwe nyumba, nikachora upepo kwa kidole.

"Mwambie achome alfajiri, kabla upepo haujaamka. Na asianze mbali akaja, la. Aanze upande wa nyumba. Apime hatua kumi kutoka ukutani, awashe hapo kwa mstari. Moto utaenda mbele ukimkimbia. Nyuma utakuta uwazi, utakufa."

"Hatua kumi," Rispa akasema.

"Hatua kumi. Za mtu mzima."

Somo zuri. Mpaka leo ningelifundisha vilevile, kwa nyumba ambayo mtu ameingia uani akaiona.

Siku ya tatu yake, kama saa moja asubuhi, tukaitwa. Moshi ulikuwa umesimama kama nguzo, halafu tukiwa njiani nikaona kichwa cha nguzo kinainama kuelekea upande ambao haukupaswa. Moshi wa majiko ng'ambo ya bonde ulikuwa umegeuka wote. Tulipokata kona ya mwisho nikajua ni kwa nani.

Namasaka alishuka kabla trekta halijasimama. Moto ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa umetangulia kuelekea mashamba ya majirani, na kule kulikuwa na nyumba saba. Upande wa pili ulikuwa unarudi na upepo mpya kuelekea lile paa.

"Sisi watano tunaenda kule kuwasha moto wa kuukabili," akasema. "Mukhwana, wewe nenda nyumba ile. Toa mtu."

"Mzee, pale ni kwa mama mkwe."

Akanitazama kama siku ile ya fimbo. "Moto haijaoa huko," akasema. "Nenda."

Nikavua shati, nikalichovya kwenye tangi, nikajifunga usoni, nikachukua gunia, nikaingia. Njia yenyewe ilikuwa upana wa mtu mmoja, miwa kulia na kushoto. Nikatokea mlangoni, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipouona uwanja wa mama mkwe wangu. Haukuwepo. Mbele ya mlango palikuwa na kipande kilichofagiliwa, sawa na mkeka mmoja. Pande nyingine zote miwa iligusa ukuta, na majani makavu yalikuwa yamelalia nyasi za paa. Hatua kumi zilikuwepo, alizipima kwa uaminifu. Alizipima ndani ya miwa. Kati ya mahali alipowasha na ukuta wake aliacha mistari yote imesimama, kwa sababu mkwe mtaalamu alisema hatua kumi, na mkwe mtaalamu alikuwa ameandika sawa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Hodi, Mama!"

Sauti ikatoka ndani, ndogo. "Nani?"

"Ni mimi. Mukhwana."

Miwa ilikuwa inalia haraka.

"Mkwe," akasema, "umevaa shati?"

"Hapana, Mama, nimejifunga usoni, kuna moshi. Toka, Mama, nyumba inashika moto!"

"Siwezi toka na wewe uko hivyo. Vaa kwanza."

Niliogopa moto mara nyingi katika kazi ile, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikifunga vifungo vya shati lile. Limelowa, kifungo cha juu kimeingia tundu la chini. Kama angekufa mle ndani, ningemwambia nini Rispa? Kwamba nilichelewa kwenye kifungo cha tatu?

"Nimevaa!"

"Sasa geuka, utazame huko ingine nipite."

"Mama, nikigeuka natazama moto."

"Basi tazama hiyo hiyo. Si ndiyo kazi yako?"

Nikageuka. Kweli niligeuka, vijana. Nilisimama na mgongo wangu mlangoni, natazama ukuta wa moto ukija, nangoja mlango ufunguke. Ndipo paa likashika. Halikushika kidogokidogo, lilivuta pumzi mara moja na kuwaka. Ndani nikasikia anakohoa, halafu kikohozi kikakatika.

Nikaupiga mlango teke, nikaingia.

Moshi ulikuwa mzito mpaka kiunoni. Nikaita, hakuna jibu. Sebuleni hakuna mtu. Kulibaki chumba kile. Nikasimama kwenye pazia lake, nikasema kwa sauti, "Mama, nisamehe," kana kwamba naomba ruhusa ya kupita kanisani, nikaingia, nikafumba macho. Nilifumba macho kwa heshima, si kwa moshi. Kabla sijafumba niliona kidogo: ameketi kitandani, wima, amevaa gauni lake la Jumapili, viatu, kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba mapajani. Baadaye alieleza kwamba aliposikia trekta la kampuni alijua wamekuja kumkamata, na hakutaka kukamatwa amevaa nguo za jikoni. Naye aliponiona akajifunika uso kwa leso.

Basi tukawa wawili ndani ya nyumba inayoungua, mimi macho nimefumba, yeye uso kaufunika, tunatafuta mlango. Nikapapasa, nikapata mkono wake, nikauachia kama nimeshika jiko. Nikaupata tena. Nikaanza kumwongoza, maana mimi ndiye mtaalamu. Nikagonga kigoda. Nikagonga mtungi, ukavunjika. Nikapata kitu nikakisukuma kwa bega kwa nguvu zangu zote nikidhani ni mlango, na moshi ukaniingia kifuani, na nikasikia mbawa za kuku zinapigapiga.

"Huko ni kwa ingokho," sauti ikasema karibu na sikio langu. "Huku."

Akanishika mkanda wa suruali. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka sita alikuwa ameona kisigino changu tu, alinishika mkanda kwa mkono mmoja, mkoba kwa mkono mwingine, akanivuta kama ndama. Nyumba ilikuwa yake, aliijua hata akiwa amejifunika. Tulitoka mlangoni na kipande cha paa kikaanguka nyuma yetu. Nje nilipopata pumzi nikafungua macho, nikakumbuka angalau jambo moja nililofundishwa. Moto ulikuwa umekwisha kula upande mmoja wa njia. "Pale peusi, Mama," nikasema, tukakimbilia majivuni, viatu vyake vya Jumapili vikaungua soli. Tukasimama tumepeana migongo, tunakohoa, mpaka Namasaka akaja na tangi.

Zile nyumba saba zilipona. Ya Mama Rispa iliisha yote, ikabaki kuta nyeusi na kuku wawili ambao sitawaeleza. Na kesho yake asubuhi, kabla majivu hayajapoa, wakataji wa miwa walifika. Walikuwa kumi na wawili, wameamka mapema, wachangamfu. Waliuliza maji ya kunywa.

Wiki mbili baadaye ukoo ukakaa, kwenye sebule ya shemeji yangu mkubwa. Wazee walikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kugusana. Hilo lilichukua asubuhi nzima. Je, ni nani alimgusa mwenzake kwanza? Mkono ni sawa na mkanda? Mkanda ni mwili au ni nguo? Mzee mmoja alitaka nivae suruali ileile aone mkanda ulivyokaa. Wakaamua nilete kondoo na blanketi, tusafishwe na mwiko uishe, nikaleta. Watu walicheka sana siku ile, hata mimi. Hicho ndicho kipande cha hadithi mnachokijua, maana nimekisimulia kwenye kila harusi na kila karamu ya kuagana kazini, na sijawahi kukosa kicheko.

Jambo la pili lililetwa na bwana shamba wa kampuni. Alikuja na karatasi, akakaa pembeni kwa adabu mpaka kondoo akaisha. Halafu akauliza kama moto ulikuwa wa bahati mbaya.

"Hapana," Mama Rispa akasema. Alikuwa ameketi upande wa wanawake, mgongo kunielekea. "Niliwasha mimi."

Watu wakanong'ona. Angeweza kusema nyuki. Kila mtu alisemanga nyuki.

"Ulipima vizuri," bwana shamba akasema. "Mstari umenyooka, alfajiri, upande wa nyumba. Huyo si mtu wa kubahatisha. Nani alikufundisha?"

Mama Rispa akageuka. Hajawahi kunitazama kabla ya hapo. Alinitazama machoni, mbele ya wazee wote, na hakuna aliyemkemea kwa sababu kondoo alikuwa amekwisha kuliwa. Alikuwa na macho kama ya Rispa, sikulijua hilo. Alinitazama muda wa kutosha mtu kufungua mdomo.

Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na mwingine njiani, na daftari lenye sawa tatu. Nikatazama mikono yangu.

"Hakuna," akamwambia bwana shamba. "Ni kichwa yangu tu."

Wakamfuta kwenye orodha. Shamba lake halikupandwa miwa ya kampuni tena. Ukoo ulimjengea nyumba ya mabati, nami nilitoa mabati mengi kuliko wengine, na watu wakanisifu. Mwaka uliofuata Namasaka alistaafu, na kiti chake nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa mtu aliyeingia motoni kumtoa mama mkwe.

Jioni ya kikao kile tulirudi nyumbani. Rispa ndiye aliyekuwa ameubeba ule ujumbe, kwenda na kurudi. Alikuwa ameketi kando ya mama yake siku nzima, na yeye pia hakusema. Akanipakulia, akaniwekea maji ya kunawa, akasimama.

"Mama amekutoa motoni mara mbili," akasema. "Na mara zote mbili ulikuwa umefumba macho."

Nilidhani nitamjibu kwa vitendo, na nilipeleka sukari, nililipa hospitali, nilifyeka mwenyewe kuzunguka ile nyumba ya mabati kila kiangazi, hatua kumi na tano. Nilitaka siku moja niende nikae mbele yake nimwambie. Ruhusa nilikuwa nayo, kondoo alikwisha kuilipa. Niliingia kwake mara nyingi, nikaulizwa habari za watoto, nikanywa chai, nikaondoka. Mama Rispa tulimzika miaka kumi na moja iliyopita, na mimi ndiye niliyesimama kusoma wasifu wake. Nilisoma kwamba alikuwa mwanamke mwaminifu. Sikusoma kwa nani.

Basi mliomba siri za kazi, na mimi niliwaambia sina. Niliyemfundisha kuchoma ni mimi, Mukhwana, na niliyeandika sawa bila kuingia uani ni mimi. Nimempa Rispa karatasi hizi azisome kabla yenu. Amesoma polepole, miwani puani, hadi mwisho. Akazikunja, akanirudishia, akasema, "Umekosea siku. Haikuwa siku ya tatu. Mama alikaa wiki nzima bila kuwasha, akingojea uje uani ujionee mwenyewe."